Unatuogopa ao unatuzarau?

Orodha ya mahari ilikuwa inasomwa. Kila kitu kilipotajwa, chumvi, vitenge vya mama, suti ya baba, mbuzi, watu wa upande wetu walipiga vigelegele au waliguna, kulingana na walichokiona mezani. Tulikuwa Kampemba, mtaa wa hapa Lubumbashi, uani kwa mama mdogo, chini ya turubai lililofungwa kwenye mwembe, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa anaposwa.

Nilikaa mwisho wa safu ya viti vya plastiki, karibu na ukuta, nikisikiliza. Nilikuwa na furaha siku ile. Nalisema hilo mapema kwa sababu hakuna aliyeiona.

Mama mkubwa akageuza kiti chake chote, akanitazama usoni, akauliza kwa sauti iliyofika hadi kwa wageni:

"We mutoto, unatuogopa ao unatuzarau?"

Watu wakacheka. Nikatabasamu. Msomaji wa orodha akaendelea na sufuria.

Swali lile halijaniacha tangu siku hiyo. Nikisahihisha madaftari, linarudi. Nikiwa kwenye taksi-bisi kutoka Katuba, limekaa pembeni yangu. Aibu ya kuulizwa mbele za watu iliisha jioni ileile. Kilichobaki ni kwamba mama mkubwa si mtu wa kuuliza ovyo, na alinipa majibu mawili tu ya kuchagua, na sikuona hata moja lililo langu.

## Woga

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kila siku ya shule nasimama mbele ya darasa ambalo watoto wamebanana kwenye mabenchi, na nasema kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Sitetemeki. Mkutano wa wazazi ukichafuka, wenzangu hunisukuma mimi mbele niongee na baba aliyekuja na hasira, na mara nyingi baba huyo hurudi nyumbani ametulia.

Kwa hiyo woga, hapana.

Mwenye woga anataka kusema na hawezi. Anakesha akifikiria sherehe ya kesho, anatoka jasho mlangoni, anarudi nyumbani akijilaumu kwa kila neno alilolitamka. Nawafahamu watu wa namna hiyo, nina mwanafunzi mmoja wa namna hiyo, na mzigo wao ni mzito kuliko wangu. Wanahitaji msaada, na kuwacheka hadharani ni ukatili.

Mimi kinachonipata ni kingine.

Baada ya muda fulani wa muziki na maneno, nasikia mazungumzo matatu kwa mara moja: la jirani wa kulia, la mama aliye nyuma yangu, la mwongoza sherehe kwenye mikro. Yote matatu yana uzito uleule. Siwezi kuamua lipi niliache lipite. Halafu naanza kuchelewa kujibu. Mtu ananiuliza habari za shule. Nalisikia swali, nalielewa, nalitafutia jibu la kweli, na nikilipata yeye amekwisha kumgeukia mwingine. Basi jibu linabaki mdomoni. Baada ya majibu kadhaa ya namna hiyo kubaki mdomoni, uso wangu unafunga. Najua unafunga. Nauhisi ukifunga, na siwezi kuufungua kwa nguvu.

Mdogo wangu yeye, kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo anavyong'aa. Upepo uleule unaoiwasha mbabula yake, jiko lake la mkaa, ndio unaomaliza makala yangu, mkaa wangu.

Nikifika nyumbani nakaa kitandani gizani, viatu bado miguuni. Sina huzuni. Nangoja tu sauti za watu zitoke kichwani, moja moja, kama zinavyopenda.

## Dharau

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku nyingi.

Mwenye woga anajua kwamba anaogopa. Mwenye dharau, je? Dharau inaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi ikijiita jina jingine. Inaweza kujiita utulivu. Inaweza kujiita elimu, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ni miongoni mwa wachache waliopita chuo kikuu, na najua jinsi watu wanavyoitazama diploma inayokaa kimya pembeni.

Nikajichunguza. Nilikaa nikayakumbuka mazungumzo ya sherehe moja baada ya nyingine. Watu walizungumza nini pale ambapo mimi nilinyamaza? Bei ya unga. Mazembe. Nani amepata kazi mgodini, nani amesimamishwa. Umeme uliokatika. Mtoto wa fulani aliyevuka kwenda Zambia. Je, moyoni mwangu niliyaona maneno hayo kuwa madogo?

Nilipoyafikiria polepole, niliona kwamba hakuna hata moja lililokuwa dogo. Mji huu unakula bukari, ugali wa mahindi, na sehemu kubwa ya mahindi yake hupita mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia. Mama anayemwuliza mwenzake "unga sasa ni ngapi kwenu?" anamwuliza kama watoto wamekula. Hawezi kumwuliza hivyo waziwazi, ingekuwa kumvua nguo. Anauliza bei. Na mwenzake anajibu bei, lakini katika namna ya kujibu, katika kushusha sauti au kucheka, anatoa habari yote ya nyumba yake. Kabla ya sherehe kuisha, wanawake wale wanajua ni nani wa kupelekewa sahani kesho yake.

Na mimi nayasikia hayo yote. Hilo ndilo ningetaka mama mkubwa alijue. Mtu aliyekaa ukutani mara nyingi ndiye anayesikia sauti ikishuka.

Dharau pia, hapana. Lakini jibu hili lilinichukua muda mrefu kuliko lile la kwanza, na sioni vibaya kwamba lilichukua muda.

## Mnara wa Bollingen

Kuna watu waliolifikiria jambo hili kabla yetu, na nimewasoma kwa moyo.

Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Gustav Jung, alichapisha kazi kubwa juu ya tabia za watu, na tangu hapo dunia imezoea kugawanya watu kati ya wale ambao nguvu zao zinaelekea nje, kwa watu na mambo, na wale ambao nguvu zao zinaelekea ndani, ambao sisi hapa tunawaita introverti. Yeye mwenyewe alionya kwamba hakuna mtu wa upande mmoja mtupu. Onyo hilo limesahauliwa haraka kuliko mgawanyo wenyewe.

Miongo minne baadaye, Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyefanya kazi London, alitafuta sababu mwilini. Alisema ubongo wa mtu introverti uko macho zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo kelele na msisimko humfikisha haraka mahali ambapo hataki tena. Miaka hiyo ya 1960 watafiti walidondosha maji ya limau kwenye ndimi za watu, wakapima mate. Kwa wastani introverti walitoa mate mengi zaidi. Maelezo ya Eysenck yamebishaniwa sana tangu wakati huo, lakini lile la limau lilinifariji. Lilinionyesha watu wawili walioonja tone lilelile, na mwili wa mmoja ukaitika kwa nguvu zaidi, bila woga wala dharau kuingia humo.

Jung alipenda watu na aliupenda upweke. Mwishoni mwa 1925 alifika Kenya, akapiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akakaa barazani na wenyeji akizungumza nao kwa Kiswahili alichokiunga kwa msaada wa kamusi ndogo. Napenda kumwaza pale, akitafuta neno huku wazee wanamngoja. Lakini kabla ya safari hiyo, mwaka 1923, alikuwa ameanza kujijengea mnara wa mawe huko Bollingen, kando ya Ziwa la Zürich. Hakutia umeme. Alipasua kuni mwenyewe, alipika mwenyewe, na asiyealikwa hakuwa na sababu ya kufika.

Mnara huo nimeufikiria kwa wivu, halafu kwa wasiwasi.

Ushauri mwingi tunaotumiana kwenye simu juu ya watu wakimya umetoka kwa watu wenye mnara. Linda nguvu zako. Jifunze kukataa mialiko. Baki nyumbani, wanaokupenda wataelewa. Ni ushauri mzuri mahali ambapo ukiugua kuna bima, ukifukuzwa kazi kuna ofisi, na ukifa kuna kampuni inayokuja na gari jeusi.

Katuba hakuna gari jeusi linalokuja lenyewe.

## Mji wa nyumba zilizopangwa mstari

Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Waliochimba hiyo shaba waliletwa kutoka mbali: Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Ruanda-Urundi. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi, mwanzoni ilitaka wanaume wasio na familia, wa mkataba mfupi, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadilika, ikawaacha waje na wake zao wakae. Nyumba za kambi zilipangwa mstari, ukuta kwa ukuta. Aliyepika samaki alipikia pua za wote. Aliyegombana na mke wake aligombana mbele ya mtaa.

Watu hao hawakuwa na shangazi karibu, wala wajomba. Wakawafanya majirani kuwa shangazi na wajomba. Kila kitu tulichonacho leo cha kubebana kimekua katika udongo huo: likelemba za wamama, yaani vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu, michango ya kanisa, vikao vya ukoo, na juu ya vyote, kilio. Mtu akifa, kabla jua halijazama viti vimefika, turubai limefika, sufuria kubwa imefika, gunia la makala limeegemezwa ukutani, na mtu ameketi mezani na daftari akiandika jina na mchango wa kila anayeingia.

Daftari hilo halisahau. Usipoonekana kwenye vilio vya wenzako, siku yako viti vitabaki vitupu, na watoto wako ndio watakaoviona.

Kwa hiyo siwezi kubaki nyumbani kulinda nguvu zangu. Na sitaki. Nimelipiwa karo ya shule na michango ya watu ambao baadhi yao sikuwahi kuzungumza nao zaidi ya salamu. Mimi ni deni la watu, na deni hilo nalipenda.

Tena, katika mji kama huu, kimya kina historia yake. Mama mkubwa bado husimulia mwaka 1992 na 1993, wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga yetu hii kwa maelfu na maelfu, wakilala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa. Anasema kwenye mtaa wao lilianza na salamu. Jirani waliosalimiana kila asubuhi wakaacha kusalimiana. Hadi leo mtu akimpita bila kumsalimu, uso wake unabadilika, na siku nzima anauliza: fulani ana nini?

Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi mshindo huo tuliusikia.

## Usiku wa kilio

Baba alifariki mwezi wa Juni, wakati usiku wa Lubumbashi unauma. Wanaume walikesha nje, wamezunguka mbabula, makoti yamefungwa mpaka kidevuni. Wanawake tulikuwa ndani, tumelala kwenye mikeka kumzunguka mama, bega kwa bega, meza na makabati yametolewa uani.

Mwanamke anayefika kilioni huanza kulia tangu barabarani. Anataja jina la marehemu, anamwuliza ametuachia nani, anaingia mlangoni sauti ikiwa imemtangulia, na waliomo ndani wanaipokea na kuipandisha. Wageni huona kelele. Mimi naona ufundi mkubwa, na ukweli ndani ya ufundi. Shangazi yangu mmoja usiku ule aliimba maisha yote ya baba kwa kulia: kijiji alichotoka, baiskeli yake ya kwanza, namna alivyokuwa akikata kucha za watoto wake kila Jumapili baada ya misa. Sijawahi kusikia mtu akielezwa vizuri kuliko hapo.

Mimi sikutoa sauti.

Machozi yalikuwepo. Kifua cha blauzi kilikuwa kimelowa. Lakini sauti haikutoka, na kila kundi jipya la wanawake lilipoingia likilia, macho yao yalimtafuta mama, halafu yakanitafuta mimi, mtoto wa kwanza, yakanikuta nimekaa wima na mdomo umefungwa.

Usiku wa manane nilisikia nyuma yangu:

"Huyu halie juu ya nini? Iko nini pale?"

Wasomaji wa hapa wanajua swali hilo linaweza kufika wapi. Mtoto asiyemlilia baba yake hutafutiwa sababu, na sababu zinazotafutwa kilioni usiku wa manane ni chache sana zilizo njema. Nimeona familia zikivunjika kwa mnong'ono mfupi kuliko huo. Nilitaka kulia kwa sauti pale pale, ili yaishe. Nilifungua mdomo. Nikaona kwamba nikifanya hivyo nitakuwa namlilia yule mwanamke, na baba nitakuwa nimemweka kando.

Nikaufunga.

Mama mkubwa alikuwa amelala karibu na ukuta wa pili. Niliona akiinuka kwa kushika goti. Akafungua kitenge chake cha juu, akavuka miguu ya watu, akanifunika kichwa chote mpaka mabegani, akajisukuma akakaa kati yangu na wale waliokuwa nyuma. Kitenge kilinuka moshi na sabuni ya kipande. Nilimsikia akisema, bila kupaza sauti:

"Mumuache. Huyu analia ya ndani."

Hakuna aliyeuliza tena.

Sasa mnaelewa kwa nini swali la Kampemba lilinikaa kooni. Mwanamke aliyeuliza ndiye aliyekuwa na jibu. Alilitoa yeye mwenyewe, mbele ya nyumba nzima, miaka iliyopita. Kwa nini aliulize leo kama vile hanijui?

## Ruashi, Jumamosi

Nikamwendea kwake Ruashi. Nilimkuta uani na rundo la sombe, majani ya muhogo, anachambua. Nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua naye. Kazi hii naipenda: unashika kikonyo, unavuta jani kwa dole gumba, unatupa kikonyo kulia na jani kushoto, na macho yako yana mahali pa kukaa. Mtu anaweza kusema jambo zito akichambua sombe kwa sababu hakuna anayemtazama.

Tukamaliza sehemu kubwa ya rundo kabla sijasema.

"Mama mukubwa, siku ya mahari uliniuliza neno."

"Nayua."

"Kama nawaogopa ao nawazarau."

"Na haukujibu."

Hakuacha kuchambua. Nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi hapo juu, kwa maneno mafupi zaidi. Mazungumzo matatu yanayoingia pamoja, jibu linalobaki mdomoni, uso unaofunga. Nikamkumbusha usiku ule na kitenge chake. Nikamwambia: wewe ndiye uliyesema nalia ya ndani. Basi nafurahi pia ya ndani. Ni tabia, haina siri.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema juu ya mume wake.

Baba mkubwa nilimpenda sana. Alikuwa mkimya kuliko mimi, na nilipokuwa mdogo nilikwenda kukaa karibu naye kwenye sherehe, tukatazama watu pamoja bila kusema neno, na nikajiona niko salama. Nilijua alikufa kwa presha. Zaidi ya hapo sikujua. Mama mkubwa ndiye aliyenieleza kwamba alipoteza kazi na hakumwambia mtu. Kila asubuhi alivaa shati lake la kazi akatoka. Jioni akarudi. Alikuwa anakopa huku na huku ili mwisho wa mwezi alete kitu nyumbani. Daktari alikuwa amemwandikia dawa, naye hakununua. Karatasi ya daktari waliikuta mfukoni mwa koti walipokuwa wanatafuta nguo ya kumzika.

"Alikuwa anakuya ku sherehe," akasema, "anaikala sawa weye, karibu na ukuta, anacheka muzuri. Batu bote banasema: huyu baba iko na amani. Amani gani?"

Akatupa kikonyo.

"Mi njo naogopa. Nikiona mutu ku ukuta, mi njo naogopa."

Nilitafuta la kusema. Nikamwambia kimya changu si kama cha baba mkubwa. Mimi sifichi kitu.

"Nitayua namna gani?"

Sikuwa na jibu, na bado sina jibu zima. Nilikuwa nimefika pale na utetezi uliopangwa vizuri, wenye Jung na limau ndani yake, na haukufaa kitu mbele ya swali hilo. Ukikaa kiti cha pili na kumtazama mtu mkimya, yule aliyetulia na yule anayezama wana sura moja. Wote wawili wanatabasamu. Wote wawili wanasema "niko muzuri". Wale wanaotupenda wanalazimika kubahatisha, na mama mkubwa aliwahi kubahatisha akamzika mume.

## Tulichokubaliana na tusichokubaliana

Tumebishana sana tangu Jumamosi ile, kwa upendo.

Nakubali kwamba mtu mkimya ana deni la ziada. Mwenye maneno mengi hutoa habari zake bila kutaka. Ukimsikiliza nusu saa unajua kama amelala vizuri. Sisi wengine habari zetu hazitoki zenyewe, kwa hiyo ni lazima tuzipeleke kwa miguu yetu. Siku hizi nikifika kwenye sherehe nakwenda kwanza jikoni, kwa mama mmoja au wawili, kabla uso haujafunga, na nawaambia kitu cha kweli: kwamba mshahara umechelewa, kwamba mguu wa mama umeanza tena, kwamba nina furaha. Halafu nashika mwiko. Bukari ya watu wengi inahitaji mikono ya kuigeuza sufuria ikiwa imekanyagwa isiyumbe, na pale motoni hakuna anayemdai mtu hotuba. Nikichoka, naaga. Siku hizi naaga kwa kushika mkono wa mwenye nyumba na kumwambia nimechoka na watu, sijachoka nanyi. Wengine hucheka. Wachache wamenijibu, kwa sauti ya chini, kwamba nao huchoka hivyohivyo.

Lakini swali la hadharani silikubali, na nimemwambia hivyo. Anayehofia afya ya mtu amfuate nyuma ya nyumba. Kumgeuzia kiti mbele za wageni hakumfungui mtu, kunamfundisha kuja na tabasamu bora zaidi la kujifichia. Baba mkubwa alikuwa nalo tabasamu hilo, na nadhani alilipata kwa njia hiyo. Hili lilimuuma mama mkubwa nilipolisema. Alikaa kimya muda mrefu, yeye ambaye hakai kimya. Halafu akasema kwamba kwa watoto atanisikiliza, hatamlazimisha tena mjukuu wake kuimba mbele ya wageni huku analia. Lakini kwa watu wazima hapana, mtu mzima aulizwe mbele za watu, ili asipate nafasi ya kudanganya.

Sikubaliani naye. Naye hakubaliani nami.

Harusi ya mdogo wangu ni mwezi wa Agosti. Mama mkubwa anataka nisimame kwenye mikro nitoe neno la dada. Neno moja tu, anasema. Nimemwambia nitalala kwake tangu Alhamisi, nitapika, nitakesha naye, nitamwambia kila kilichomo moyoni tukiwa motoni, na neno la dada litolewe na mwingine, tunao wengi wanaolipenda. Jana akanitumia ujumbe wa sauti akishikilia palepale: "Neno moja."

Zamani ningeandika "hapana, mama" na kuzima simu. Jana nilimpigia papo hapo, ili aisikie hapana hiyo kwa sauti yangu na ajue haina kitu nyuma yake. Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia. Akaniuliza unga sasa ni ngapi kwetu. Tukaongea mpaka salio la simu likaniishia, na akanipigia yeye.